Kelele Ni Uamuzi: Hisabati ya Umeme wa Moyo na Ubongo



Nianze na bwawa la Mtera. Pale mpakani mwa Iringa na Dodoma, maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya megawati 80. Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa, kuna megawati 180, na Kidatu 204. Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi ya taifa inakwenda kwa mwendo mmoja: umeme unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, iwe Mtera, iwe Mwanjelwa hapa Mbeya, iwe wodini. Mgonjwa akilazwa kitandani na kubandikwa elektrodi za kupima moyo, mwili wake unanasa umeme huo kutoka kwenye nyaya za ukutani na taa za darini. Kwenye karatasi ya ECG unaonekana kama vimeno vidogo vilivyopangana juu ya mchoro wa moyo, 50 kwa kila sekunde.

Tazameni ukubwa wa tatizo. Soketi ina volti 230. Moyo, ukipimwa kifuani, unatoa kama milivolti moja. Ubongo, ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa, unatoa kama mikrovolti 50. Gawanya 230 kwa mikrovolti 50, unapata milioni nne na laki sita. Tunatafuta kitu kilicho kidogo kuliko jirani yake mara milioni nne na laki sita, na jirani huyo yuko chumba kilekile.

Kila mtu hapa angeuita umeme huo wa ukutani kelele. Lakini kwa fundi wa gridi, mtetemo wa mara 50 ndio habari yenyewe. Anautazama muda wote, kwa sababu ukishuka kidogo tu anajua mzigo umezidi mitambo. Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema. Kelele haikai yenyewe ndani ya mchoro ikisubiri kuondolewa. Mtu ndiye anayeamua kwamba hiki ni kelele na hiki ni habari, kisha anauandika uamuzi wake kwa hesabu. Mtu huyo asipomjua mgonjwa, atafuta kitu ambacho hakupaswa kukifuta.

Historia nitaipitia haraka. Mholanzi Willem Einthoven ndiye aliyevipa vilima vya mchoro wa moyo herufi P, Q, R, S na T, ambazo wauguzi wetu wanazitumia mpaka leo, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mwaka huohuo, huko Jena nchini Ujerumani, Hans Berger alinasa kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu, lakini hakuchapisha mpaka 1929. Aligundua kwamba mtu akifumba macho na kutulia, wimbi la mara 10 hivi kwa sekunde hujitokeza. Ikumbukeni hiyo 10.

Kompyuta haioni mstari, inaona orodha ya namba. Mashine inapima volti, inangoja kidogo, inapima tena. Kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG, cha dakika 20, kwa elektrodi 21 zilizopangwa kwa utaratibu wa kimataifa wa 10–20, kikichukuliwa mara 256 kwa sekunde, kinazaa namba 6,451,200. Hakuna daktari wa kuzisoma zote kwa macho, hasa katika nchi yenye madaktari wachache mno wa mishipa ya fahamu kama yetu. Kwa hiyo hesabu haikwepeki.

Swali la kwanza ni: tupime mara ngapi kwa sekunde? Claude Shannon, katika makala yake ya 1949, alithibitisha kwamba ni lazima upime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa kasi kuliko yote uliomo ndani ya wimbi. Ukilivunja sharti hilo, hupati mchoro hafifu, unapata mchoro safi wa uongo. Naomba wanafunzi mshike penseli. Tuseme mtu ananunua kifaa cha bei nafuu kinachopima mara 60 kwa sekunde. Umeme wa ukutani unazunguka mara 50. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, wimbi la ukutani limekwenda sehemu 50 kati ya 60 za mzunguko, yaani tano ya sita. Limebakiza moja ya sita kuukamilisha. Kwa kompyuta, ambayo inaona nukta tu, wimbi lililosonga mbele tano ya sita na lile lililorudi nyuma moja ya sita ni kitu kimoja. Moja ya sita, mara 60 kwa sekunde, ni 10.

Kwenye skrini litatokea wimbi la mara 10 kwa sekunde, lilelile la Berger. Mgonjwa mahututi ambaye ubongo wake unakaribia kuzimika ataonekana kama mtu aliyefumba macho kwa utulivu. Umeme wa Mtera umevaa sura ya ubongo. Baya zaidi, hakuna programu itakayoweza kuutenganisha baadaye, kwa sababu ndani ya namba zenyewe tofauti haipo tena. Kinga inawekwa kabla namba hazijazaliwa, kwenye saketi, inayopunguza mitetemo ya kasi kabla ya kupima. Mtu akikuletea kifaa cha kupimia ubongo, usimuulize kwanza kuhusu programu yake. Muulize kinapima mara ngapi kwa sekunde, na kuna nini mbele ya hicho kipimo.

Namba zikishapatikana kwa haki, anaingia Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake juu ya joto mwaka 1822. Wazo lake linafundishika kidato cha nne. Unataka kujua kama ndani ya rekodi kuna wimbi la mara 10 kwa sekunde? Tengeneza wimbi la sini la mara 10, lizidishe na rekodi nukta kwa nukta, kisha jumlisha. Kama rekodi haina wimbi hilo, chanya na hasi zinafutana na jumla inakaribia sifuri. Kama inalo, jumla inakua. Rudia kwa kosini, ili wimbi lililochelewa kuanza lisikuponyoke. Halafu rudia kwa mara 11, 12, na kuendelea. Kwa namba 1,024 kazi hiyo inadai mizidisho zaidi ya milioni moja. James Cooley na John Tukey walichapisha mwaka 1965 njia ya mkato inayoishusha hadi kama 10,240, yaani 1,024 mara 10, na hiyo 10 ni logi ya 1,024 kwa kizio cha 2. Mwanafunzi anayeuliza logi zina kazi gani, jibu lake liko kwenye wodi za hospitali zetu.

Ukishajua kila wimbi lina kiasi gani, kuliondoa la mara 50 ni jambo la mistari michache ya programu. Hapa ndipo hatari inapoanza, kwa sababu tukishaonja urahisi huo tunataka kuondoa na mengine.

Mstari wa ECG hupanda na kushuka taratibu mgonjwa anapopumua. Haupendezi. Kwa hiyo mashine nyingi zina kichujio kinachokata chochote kilicho chini ya mara 0.5 kwa sekunde, na mstari unanyooka vizuri. Lakini kile kipande cha ST, kinachokuja baada ya pigo, ambacho kikipanda daktari anashuku kwamba misuli ya moyo inakosa damu, nacho kimejengwa kwa mitetemo ya taratibu. Kichujio kilekile kinaweza kukishusha au kukipandisha bila moyo kuwa na habari. Ndiyo maana mashine ya uchunguzi huwekwa 0.05, na 0.5 inaachiwa mashine za kando ya kitanda zinazofuatilia mapigo tu. Mara nyingi ni suala la kitufe. Naomba kila mwenye mashine ya ECG akakitazame kitufe hicho atakaporudi kazini.

Kisha kuna baridi yetu. Mwezi wa saba kule Makete na Njombe umande unaganda kwenye majani. Mzee anavuliwa koti na shati, anapakwa jeli ya baridi kifuani, anatetemeka. Misuli inayotetemeka inatoa umeme wake, kuanzia kama mara 20 kwa sekunde kwenda juu, na sehemu ya umeme huo inaangukia palepale penye ncha kali ya R. Ukiukata wa misuli umekata na ncha. Hapa blanketi linashinda hesabu yoyote ninayoijua, na muuguzi anayempa mzee dakika kumi za kupata joto kabla ya kubonyeza kitufe anafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi.

Sasa moyo. Mwaka 1985 Jiapu Pan na Willis Tompkins, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walichapisha njia ya kutafuta pigo la moyo kwa kompyuta ndogo sana za wakati ule, na wazao wake bado wamo ndani ya vifaa tunavyovitumia. Wanabakiza mitetemo ya kati ya mara 5 na 15 kwa sekunde, ambako nguvu nyingi ya pigo imelala. Wanapima kasi ya mteremko, kwa kuwa pigo hupanda kwa ghafla kuliko vilima vingine. Wanaipandisha kwenye kipeo cha pili, hasi zote ziwe chanya na kikubwa kizidi kuwa kikubwa. Wanatafuta wastani wa kipande kifupi kinachosogea. Mwisho wanaweka kizingiti: kilichovuka ni pigo, kisichovuka si pigo. Uzuri wa kazi yao ni kwamba kizingiti hakikai mahali pamoja, kinapanda na kushuka kikijifunza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Lakini moyo unaonisumbua zaidi ni ule wa mtoto ambaye hajazaliwa. Mkunga anautafuta kwa fetoskopu, au kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza mwendo wa moyo kupitia tumbo la mama. Sauti hiyo ni chafu, haina ncha ya R. Kwa hiyo hesabu inatumia njia nyingine: inachukua kipande cha sauti, inakisogeza taratibu juu ya nakala yake yenyewe, inazidisha na kujumlisha. Kikisogezwa kwa muda sawa na pigo moja, vilima vinakaa juu ya vilima na jumla inaruka. Muda huo ndio unaotoa mapigo kwa dakika.

Tatizo ni kwamba jumla inaruka pia kikisogezwa mapigo mawili. Programu ikichagua pale, mtoto wa mapigo 140 anaandikwa 70, na watu wanakimbilia chumba cha upasuaji. Upande wa pili unatisha zaidi. Moyo mmoja unatoa mwendo wa kufunguka na wa kufungika, na programu inaweza kuhesabu kila pigo mara mbili. Mama mwenye mapigo 70 anageuka mtoto mwenye afya wa mapigo 140, hata kama mtoto huyo ameshanyamaza. Na mama aliye katikati ya uchungu anaweza kufika 120 bila kuzidishwa na yeyote, wakati moyo wa mtoto unatarajiwa kuwa kati ya 110 na 160.

Jibu lililo bora lilijaribiwa hapahapa nchini. Kifaa kinachoitwa Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway, kimefanyiwa utafiti Haydom mkoani Manyara na Dar es Salaam. Kinavalishwa tumboni kwa mkanda, na kina elektrodi kavu ambazo mama anazigusa kwa vidole, ili moyo wake upimwe kwa umeme wakati wa mtoto unapimwa kwa sauti. Namba mbili zinawekwa pamoja. Zikilingana, mkunga anajua kwamba huenda anamsikiliza mama. Tazameni kilichofanyika: hawakutafuta hesabu kali zaidi ya kulisafisha wimbi moja, waliongeza shahidi wa pili. Mtu aliyefikiri hivyo alikuwa anawaza juu ya chumba cha kujifungulia chenye mkunga mmoja na kina mama watatu.

Nije kwenye ubongo, na kwenye kifafa. Nyanda zetu za Juu Kusini zina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Ng'ambo ya Udzungwa, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuhudumia wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika juu ya watoto waliokuwa wakisinzia na kuangusha vichwa. Ifakara, chini tu ya milima ya Iringa, ilikuwa moja ya vituo vitano vya utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2013, pamoja na Kilifi ya Kenya, Iganga na Mayuge za Uganda, Kintampo ya Ghana na Agincourt ya Afrika Kusini. Ifakara ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko vyote: watu 14.8 wenye kifafa cha degedege kati ya kila 1,000. Na huku kwetu Mbeya na Mbozi, tunakofuga nguruwe na kula kitimoto, kuna tegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wamelifuatilia kwa miaka mingi. Mtu anayekula nyama isiyoiva anapata tegu tumboni. Mayai yake yanatoka chooni, yanaingia kwenye maji, mboga na mikono, na anayeyameza anaweza kuota vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kupata kifafa kutokana nacho.

EEG haikioni kifuko. Inaona umeme unaokizunguka ukivurugika, na si kila mara. Karibu nusu ya wenye kifafa wanaweza kupimwa mara ya kwanza na karatasi ikatoka bila dalili. Kinachotafutwa ni mwiba, kitu cha milisekunde 20 hadi 70 ndani ya dakika 20 nzima. Hapa Fourier anatuacha, kwa kuwa yeye anatuambia kuna mawimbi gani lakini anayatawanya kwenye rekodi yote. Kitu kilichotokea mara moja kinapotea ndani ya wastani. Miaka ya 1980 Jean Morlet, aliyekuwa akitafuta mafuta ardhini kwa mitetemo, pamoja na Alex Grossmann, waliweka mahali pa sini isiyoisha vijiwimbi vifupi vinavyoanza na kuisha, vinavyotanuliwa na kubanwa. Kijiwimbi kilichobanwa kinaukamata mwiba, na kinataja sekunde ulipotokea. Mbelgiji Ingrid Daubechies akatoa mwaka 1988 vijiwimbi ambavyo kompyuta inavikokotoa kwa wepesi.

Kupepesa macho nako kunatoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo. Ukiweka simu mbili za kurekodi pembe mbili za soko la Mwanjelwa, kila moja itanasa wauzaji wawili wanaonadi kwa pamoja, lakini kwa viwango tofauti. Kutokana na tofauti hizo unaweza kukokotoa sauti ya kila muuzaji peke yake. Anthony Bell na Terrence Sejnowski walichapisha mwaka 1995 njia ya kufanya hivyo, na leo inatumika kutoa macho na misuli kwenye EEG. Lakini programu haijui ipi ni sauti ya jicho. Mtu ndiye anayebofya.

Kuna kifafa kimoja ambacho hesabu inakitambua upesi kuliko vyote: kile cha kuduwaa, ambacho Gibbs, Davis na Lennox walikichora mwaka 1935, mwiba na wimbi mara 3 kwa sekunde. Mtoto anakodoa sekunde kadhaa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Hatoki povu, haanguki. Mwalimu anadhani ni mvivu wa kusikiliza, na kiboko kinafuata. Na fenobabitali, dawa inayopatikana kwa urahisi kwenye kliniki zetu, haikisaidii kifafa hicho. Hapo karatasi ya EEG inabadilisha dawa na inabadilisha darasa.

Sasa turudi kwa wanaoamua. Programu nyingi za moyo zilipimwa kwa rekodi 48 za nusu saa, za watu 47, zilizokusanywa hospitali moja ya Boston na kusambazwa mwaka 1980. Ni kazi ya heshima. Lakini mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo, uliotolewa mwaka 2017, unasema wazi kwamba kwa wanamichezo wenye asili ya Kiafrika kuna umbo fulani la ST na T, kwenye elektrodi za mbele ya kifua, lililo la kawaida kabisa. Programu isiyolijua itamwita kijana mzima mgonjwa. Na kofia za EEG zilibuniwa kwa nywele laini. Binti aliyesuka twende kilioni anaambiwa afumue kwanza, au elektrodi zinaelea juu ya nywele na mawimbi yanaitwa kelele. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon huko Pittsburgh, alichapisha na wenzake mwaka 2020 elektrodi zinazobanwa chini ya mistari ya msuko. Aliigeuza misuko kuwa kishikizo.

Chukueni penseli mara ya mwisho. Tuseme tuna programu nzuri: kati ya wenye kifafa 100 inawapata 95, na kati ya wazima 100 inawasema vibaya 5 tu. Tuipeleke kijiji cha watu 1,000 ambako wenye kifafa ni 15. Itawapata 14. Lakini wazima ni 985, na 5 kwa 100 kati yao ni 49. Watu 63 watapewa jina la kifafa, na 49 hawana. Sote tunajua jina hilo linamfanyia nini binti anayetaka kuolewa, au kijana anayetafuta kazi. Programu ileile, kliniki, kwa watu ambao ndugu zao wameshaona wakianguka, itakuwa ya msaada mkubwa. Hesabu haijabadilika, kilichobadilika ni nani ameletwa mbele yake. Ndiyo maana napinga kampeni ya kupima vichwa vya kijiji kizima, na naunga mkono mashine kukaa kliniki, karibu na mtu anayejua kumsikiliza mama aliyeshuhudia.

Ombi langu kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kwa chuo cha Mkwawa cha Iringa ni rekodi zetu wenyewe, kwa ridhaa ya wenyewe, majina yakiwa yameondolewa. Zihifadhiwe mbichi, kabla ya kichujio chochote, kwa sababu kilichokatwa hakirudi, na uamuzi wetu wa leo juu ya kelele utakosolewa na watu wa kesho wenye haki ya kuona tulichoona. Pembeni ya kila rekodi kuwe na ukurasa: kichujio kilikuwa wapi, mgonjwa alikuwa na baridi, nywele zimesukwaje, alikunywa dawa gani, umeme ulikuwa wa gridi au jenereta, na ndugu alisema aliona nini. Rasimu ya ukurasa huo ipo mezani, pale mlangoni. Nawaomba wauguzi muwe wa kwanza kuikosoa, kwa sababu ninyi ndio mtakaoijaza.